Tata Ngeleka, Fundi Aliyekaa Kama Mgeni

Miaka thelathini na miwili ya kazi inatimia Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 1989. Siku hiyo mwananchi Ngeleka Tshibangu, fundi wa umeme katika ofisi yetu ya matengenezo ya nyumba, atatundika begi lake la ngozi kwenye msumari alioupiga mwenyewe ukutani, na kesho yake hatalichukua tena. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Waliniambia niandike vizuri, tena nisirefushe. La kwanza nitajaribu. La pili, kwa mtu kama Tata Ngeleka, baba wa wote hapa kazini, ni gumu kidogo.

Alizaliwa upande wa Luputa, kule Kasai, akafika Kolwezi mgongoni mwa mama yake, baba yake alipopata kazi mgodini. Alisoma shule ya mapadri, akaendelea na shule ya ufundi, na mwaka wa 1957 akaingia kazini kama mbeba ngazi. Ngazi ilikuwa ya mbao ngumu, ndefu kuliko nyumba. Anasema ndiyo iliyoshusha bega lake la kulia, na ukimtazama akitembea mbele yako utaona ni kweli. Baadaye alipewa koleo, baadaye tena akapewa kundi la mafundi wa kuongoza. Katika kambi zetu za kampuni ni nyumba chache sana ambazo hajaingia. Anajua nyumba yenye mbwa mkali na nyumba yenye mama mkali, na anasema mbwa ana heshima zaidi, kwa sababu yeye hutoa sauti kwanza.

Jina lake la pili hapa kazini ni Juu-ya-Nini. Fundi mwingine akifika nyumbani anauliza kilichoharibika, anakitengeneza, anakwenda zake. Tata Ngeleka anasimama mlangoni na kuuliza: "Juu ya nini?" Yaani, kwa sababu gani. Kulikuwa na nyumba moja ambayo fyuzi yake iliungua kila Jumapili asubuhi. Mafundi walipita wakabadilisha fyuzi, Jumapili ikafika, ikaungua. Yeye akauliza juu ya nini Jumapili, na si Jumatano. Alipokwenda kukaa pale kabla ya misa, akakuta mama wa nyumba ile ana meza nzuri na pana kuliko zote mtaani, na majirani wote wanaleta pasi zao kwake kunyoosha abakosti, zile suti za waume zao. Pasi nne kwenye waya mmoja! Hakumgombeza mtu. Alitengeneza meza ya pili kwa mbao za masanduku, akaipeleka nyumba ya nne kutoka pale, pasi zikagawanyika, na fyuzi ikapumzika.

Tena kulikuwa na taa ya barabarani iliyowaka mchana kutwa, jua likiwa juu. Alipanda, akakuta ndege amejenga kiota juu ya kile kijicho cha taa kinachoangalia kama ni usiku au mchana. Taa ilidhani usiku hauishi. Mkuu wake akamwambia kutoka chini akitupe kiota. Yeye akajibu kutoka juu: "Bana batoto, chef. Tungoje baruke." Akashuka na ngazi yake. Taa ikawaka mchana na usiku mpaka makinda yaliporuka, na watu wa mtaa wakaiita taa ya bamama.

Mwaka wa 78, vita ilipopita hapa Kolwezi na mitaa ikabaki giza, alikuwa kati ya waliotembea nyumba kwa nyumba kurudisha umeme. Juu ya siku zile hasemi mengi, na sisi hatumuulizi. Ni habari pekee ambayo hata yeye hajaiuliza juu ya nini.

Hayo wote kazini wanayajua. Lakini sisi akina mama wa darasa la kusoma, pale foyer, nyumba ya mafunzo ya akina mama, tunamjua kwa jambo jingine, na ndilo ninalotaka kulisimulia taratibu.

Darasa letu ni la akina mama walioacha shule mapema, au ambao shule iliwaacha. Wengi wetu tulijua kuandika jina na basi. Mwalimu wetu ni Mama Kadija, binti wa watu wa Maniema, ambaye ukikosea hakucheki mpaka ucheke wewe kwanza. Kiangazi cha mwaka 1987 tuliambiwa kwamba mkaguzi atakuja kabla ya mvua, na kwamba darasa lisilo na kitabu chake cha kusomea litafungwa, chumba kiwe ghala la unga. Kitabu hatukuwa nacho. Tulisoma ubaoni, na ubao ukifutwa, somo limekwenda.

Mama Kadija akasema atakiandika mwenyewe. Kingekuwa na kurasa juu ya soko, juu ya mizani ya kupimia watoto, na ukurasa mmoja juu ya kusoma karatasi ya chupa ya dawa, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tunaogopa zaidi. Mapadri wa misheni walikubali kutoa nakala nyingi, mradi waletewe kurasa zilizopigwa safi. Sasa, mashini ya taipu ya foyer ilikuwa imekatika herufi a, na Kiswahili bila a utaandika nini? Tena Mama Kadija alikuwa amejifungua. Alikuwa ndani ya arobaini yake, hatoki nyumbani. Kazi ilibidi imfuate pale alipo.

Iliyomfuata ni kompyuta. Nasoro, kaka yake, ni mtu wa malori. Leo yuko Dilolo, kesho utasikia yuko Zambia. Aliporudi kutoka Zambia alishusha sanduku, akalifungulia juu ya meza ya dada yake. Ndani kulikuwa na kitu kipana kama kibao cha kukatia nyama, chenye vidude vya herufi. Unakifunga kwenye televisheni, herufi zinatokea kwenye kioo. Ukitaka kikumbuke ulichoandika, unakifunga kwenye redio ya kaseti, kinaimba wimbo mbaya sana, na maneno yako yanalala ndani ya kaseti. Kulikuwa pia na mashini ndogo ya kuchapa iliyolia kama panzi. "Dada," alisema Nasoro, "hii inaandika, inafuta, inakumbuka." Amadi, mume wa Kadija, akauliza kwa wasiwasi: "Na kula, inakula nini?" Nasoro akamwambia inakula umeme tu. "Basi ikae," Amadi akasema. "Haitagusa bukari yangu."

Kumbe bukari, ugali wetu, ndiyo iliyokuja kugusa mashini. Siku ya kwanza Mama Kadija alipiga ukurasa mzima juu ya mizani, asubuhi nzima, mtoto mapajani. Ilipokaribia saa ya bukari, picha ikajikunja kwenye kioo kama nguo iliyofuliwa vibaya, kisha kioo kikawa cheusi. Umeme ulirudi, lakini ukurasa haukurudi. Alikuwa hajaulaza kwenye kaseti. Siku ya pili, saa ile ile, tena. Ndipo akamtuma Amadi kwetu, ofisi ya matengenezo. Wakati ule mimi nilikuwa nikifagia na kupika chai pale, na nilimwona Tata Ngeleka akisikiliza jina la kitu kile kipya kama mtu anayesikia jina la chakula. Alichukua begi lake kabla Amadi hajamaliza kueleza.

Alikuwa hajaona kompyuta hata moja, na hakuficha. Aliizunguka kama tunavyozunguka mtoto wa juzi, mikono nyuma, akiuliza. Inaogopa nini? Ikishtuka, inasahau yote au nusu? Inaweka wapi akili yake ikilala? Nasoro alijibu alivyoweza, kwa msaada wa kitabu cha Kiingereza kilichokuja nayo. Kiingereza cha Nasoro ni kile cha barabarani. Anajua kuulizia mafuta na njia.

Kisha Tata Ngeleka akainama kuangalia ukutani. Waya wa mashini ulikuwa na kichwa cha Zambia, cha meno matatu bapa, na tundu letu ni la mashimo mawili ya mviringo. Nasoro alikuwa amekata kichwa, akachuna nyaya, akazichomeka tupu ukutani na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. "Weye Nasoro," akasema Tata, "unataka kumuchoma mutoto wa dada yako?" Nasoro akajibu kwamba kule Ndola, Zambia, wote wanafanya hivyo. "Njo maana unakuyaka huku kutafuta fundi," Tata akamjibu.

Alianza upya kila kitu, na alifanya kwa kupenda. Alifunga kichwa cha kweli. Alivuta waya wa peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, usiopita jikoni, ili mashini isigombanie umeme na resho, jiko la umeme. Alipitisha waya mwingine dirishani mpaka kwenye bomba alilolizika ardhini pamoja na makaa na chumvi, akamwambia Amadi apamwagie maji kila jioni kama anavyomwagilia mchicha, ili umeme uliopotea upate njia ya kwenda chini badala ya kupita kwa watu. Nasoro alitumwa kutafuta regilateri, kile kisanduku kinacholainisha umeme ukipanda na kushuka. Meza ilihamishwa kutoka dirishani, kwa sababu kiangazi upepo wa upande wa Kingamyambo, kwenye malundo ya taka za mgodi, unaleta vumbi jembamba kama poda ya mtoto. "Vumbi ndiyo adui," akasema. "Muifunike." Mkumbuke neno hilo.

Juu ya kusahau, alitoa amri moja: kila ukurasa ukiisha, ulazwe kwenye kaseti mbili, moja ibaki nyumbani, nyingine iende foyer. "Mara mbili?" Mama Kadija alilalamika. "Tata, mi niko na mutoto mumoja tu wa kunyonyesha!" Akamjibu: "Apana. Biko bawili."

Ilibaki bukari. Nyumba za safu ile zinakula waya mmoja, na kila mama anawasha resho yake saa ileile na mwenzake, ili mume akitoka kazini king'ora kikilia akute maji ya bukari yanachemka. Regilateri peke yake isingeweza kupambana na masufuria yote yale. Kwa hiyo Tata Ngeleka alisimama katikati ya safu na kuwaomba akina mama wapike kwa zamu mbili, nusu mapema kidogo, nusu baadaye. Vicheko vilisikika mpaka barabarani. Mama Adolphine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitoka na mwiko mkononi. "Tata Ngeleka, bwana yangu akirudia akute bukari ya baridi, nimuambie nini? Kama nilipikia mashini?" Mwingine akapaza sauti: "Umuambie mashini inasoma, yeye angojee!" "Bukari ikipoa," akasema Mama Adolphine, "na bwana anapoa."

Tata alicheka pamoja nao. Hakuwaambia ni amri ya ofisi, na haikuwa. Alimwomba Mama Kadija asome kwa sauti kile alichokuwa akiandika. Kwa kuwa hatoki, alikaa dirishani na mtoto begani, akawasomea ule ukurasa wa chupa ya dawa: neno la mara ngapi kwa siku, neno la mtoto na neno la mtu mzima, neno la usinywe. Mama Adolphine alisikiliza mwiko ukidondosha maji miguuni pake. Kisha akauliza, bila mzaha, kama neno la usinywe linaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Alipojibiwa akasema: "Basi mi nitapika ya kwanza. Bwana yangu atazoea."

Saa ya bukari ikapita, na mashini ikabaki macho. Ilikuwa sikukuu nyumbani kwa Kadija. Kesho yake Mama Adolphine akaleta zawadi: napero, kitambaa cha kufuma kwa sindano ya kroshe, kijani na njano, kinene, maana alikuwa na uzi mwingi na moyo mkubwa. "Mugeni habaki uchi," akasema. Mnajua nyumba zetu. Redio ina napero, televisheni ina napero, kiti kina napero mgongoni na mikononi, hata chujio la maji lina yake. Mama Kadija aliivalisha mashini pande zote, zikabaki herufi tu nje, na kisanduku chake kizito cha kuilisha umeme, kilichokuja nayo, kikawekwa ndani ya mkunjo. Ilipendeza kweli. Na vumbi halikuingia.

Basi ikaanza shida ya pili. Mchana, Mama Kadija akiwa ameshaandika kwa muda, herufi zinagandamana. Unabonyeza, hakuna. Mistari inaanza kucheza kwenye kioo. Taa ya nyumba inawaka vizuri, resho zimepoa, regilateri imetulia, lakini mashini imekuwa kama mtu aliyepigwa butwaa. Unaizima, unaiwasha, inagoma. Kitabu kilikuwa kimefika nusu, na mkaguzi alishatuma neno kwamba yuko njiani kutoka Likasi.

Nasoro alisema Wazambia wamemuuzia mgonjwa. Majirani wengine walisema kwa sauti ndogo kwamba taabu hii imeanza siku ileile ya zawadi ya Mama Adolphine, na kwamba mama yule macho yake wanayajua. Neno kama hilo halina miguu lakini linafika. Mama Adolphine alilisikia kisimani, akaacha kusalimia, na akina mama wa zamu yake wakasema kama shukrani ndiyo hii, kesho kila mtu awashe resho anapotaka. Mama Kadija alikuwa na nusu kitabu, mtoto mchanga na safu nzima iliyonuna.

Tata Ngeleka alikuja. Aliishika napero kwa mikono miwili, akaikunja mara nne kama mtu aliyelelewa na mama, akaiweka kitini. Alifungua, akapima, akafuta, akawasha. Mashini ikaandika bila kukosea, saa nzima. Alifurahi, akaizima, akaitandaza napero juu yake, pembe kwa pembe, akaaga. Kesho yake ikagoma. Akarudi, akakunja, akapima, ikafanya kazi. Akatandaza, akaenda. Ikagoma. Watoto wa safu walisema inaogopa ndevu zake. "Tata, uhamie hapa," Mama Kadija alimwambia karibu na machozi. Ofisini mkuu wake akasema imetosha, mashini ile si mali ya kampuni, fyuzi za watu zinangoja. Na alikuwa na haki.

Kwa hiyo Tata Ngeleka alikwenda Jumamosi, siku yake ya kupumzika. Nilikuwa pale na kina mama wawili wa darasa, tumekuja kusaidia kufua. Tulipomwona hatukumtambua. Hakuwa na begi. Alivaa abakosti yake ya kahawia, ile ya harusi za watu, na viatu vimepakwa rangi. "Leo sikuye kutengeneza," akasema. "Nimekuya kutembea." Alieleza kwamba amefikiri sana. Fundi akiingia nyumbani, nyumba inabadilika: watoto wananyamazishwa, vitu vinasogezwa, hata ugonjwa wenyewe unajificha. Mgeni akiingia, hakuna kinachosogezwa. "Fanyeni yenu kama siku zote. Mi nitakunywa chai."

Alikaa. Alikunywa chai. Mtu yule ambaye hawezi kupita kuku bila kumuuliza kitu, alifunga mdomo, na tuliona jinsi ilivyomuuma. Mama Kadija aliandika ukurasa wa soko. Kulikuwa na baridi, ile ya kiangazi cha kwetu, naye alikuwa amemzungushia mtoto vitambaa viwili na blanketi. Baada ya muda mtoto akaanza kulia, uso umekuwa mwekundu, jasho kwenye nywele. Karibu wakati uleule herufi zikasimama na mistari ikaanza kucheza. Mama Kadija akasema "tazama!" kwa mashini, na huku mkono wake wa kushoto, wenyewe tu, bila yeye kufikiri, ukamfungua mtoto blanketi, ukamtoa kitambaa cha kwanza, ukamtoa cha pili. Mtoto akanyamaza.

Tata Ngeleka aliweka kikombe chini. "Mama Kadija, juu ya nini umemuvua?"

"Alikuwa anasikia joto, Tata."

Alimtazama mtoto. Aliitazama mashini, ndani ya kijani na njano yake. Akainuka, akapitisha mgongo wa mkono chini ya napero, vile sisi tunavyogusa kipaji cha mtoto, akauacha pale. Akakiinua kile kisanduku cha umeme kutoka mkunjoni, akakirudisha haraka na kupuliza vidole. "Na huyu pia," akasema. "Na mi njo nilikuwa namufunika kila siku, pembe kwa pembe!"

Nilimwona Mama Kadija akicheka mpaka akashika ukuta. Kila mara Tata aliipima ikiwa imepoa na imevuliwa, inapona mbele yake, kisha anaivalisha mwenyewe homa na kwenda zake. Yeye aliyeacha taa iwake mchana juu ya kiota hakuona kiota chake mwenyewe. Ilipoachwa wazi na kupoa kidogo, Mama Kadija aliiwasha, ikaandika mpaka soko likaisha.

Lakini yeye hakungoja kuona hayo. Alikunja napero, akaiweka mkononi, na katika abakosti yake akatoka mpaka mlango wa jirani. Hakubisha hodi ndogo ya siri. Aliita safu nzima isikie: "Mama Adolphine! Napero yako haina makosa. Makosa ni yangu. Mi niliambia bafunike, sikusema saa gani!" Milango ikafunguka. Mama Adolphine alitoka polepole, hajacheka bado, akasikiliza maelezo yote ya joto na hewa. Aliichukua napero yake, akaigeuza, akaifikiria. Kisha akasema: "Basi ni nguo ya kulalia. Ikilala, bamuvalishe. Ikiamuka, bamuvue." Akaingia yeye mwenyewe kwa Kadija, akaiweka juu ya kiti, karibu, ingojee saa yake. Jumatatu Tata alileta vijiti vinne vya mbao alivyovipiga msasa, akaviweka chini ya kile kisanduku ili hewa ipite na chini pia. Zamu za bukari zikarudi bila mtu kuzitangaza.

Kitabu kilikwisha mvua hazijaanza. Mkaguzi alifika, akakipata mezani, kila mama na nakala yake. Akachagua ukurasa mwenyewe, na akamchagua mama mwenyewe, na mama yule akasoma ukurasa wa chupa ya dawa mpaka neno la usinywe, kwa sauti kubwa kiasi cha mkaguzi kuacha kalamu. Chumba hakikuwa ghala. Mwaka uliofuata Mama Adolphine aliandikwa darasani, akakaa mstari wa mbele, na hakuna aliyebisha.

Mimi leo nimeacha ufagio. Ninakaa kwenye meza ya kupokea habari za nyumba zilizoharibika, na ninaziandika: jina, nyumba, shida. Tata Ngeleka ameniomba niongeze neno moja kila mara, tangu lini, kwa sababu anasema hapo ndipo swali lake linapoanzia. Vijana mnaobaki, msiache kuliuliza. Wasifu huu nimeupiga nyumbani kwa Mama Kadija, kwenye mashini ileile. Amenisahihishia makosa, mengine hata sikujua kumwonyesha. Saa ya bukari imepita nikiandika, na kioo hakikutikisika. Kaseti ni mbili.

Tata Ngeleka na Mama Ntumba, mke wake, wanahamia Lubudi, ambako wana shamba karibu na reli. Mahindi ya Lubudi yajiandae, yataulizwa juu ya nini yanakawia. Mama Ntumba, tunakushukuru wewe pia. Jumamosi ile alikuwa wako, na ulimpigia abakosti pasi ili aje kwetu.

Zawadi ya darasa itapanda treni pamoja nanyi. Ni kiti cha kupumzikia, na napero yake imefumwa na Mama Adolphine, kijani na njano. Safari hii ameilegeza, ina matundu makubwa. Mtakuta hewa inapita. Tata, napero hiyo ni ya kiti peke yake. Nenda na afya, kula mavuno ya mikono yako, na siku zako ziwe nyingi na tulivu. Sisi mashini tunaifunika ikizimwa. Wewe bado unawaka.

Mbelu, Mama Kanku
Ofisi ya matengenezo ya nyumba, Kolwezi